Mchanga wa Luiche Usiingie Tena Kwenye Kompresa: Barua ya Wazi kwa Wanaotoa Kandarasi za Meli na Matangi Kigoma

Kwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma, kwa wasimamizi wa OSHA (usalama na afya kazini) na NEMC (mazingira), na kwa kila ofisi inayotangaza zabuni ya kukarabati meli, tishari, tangi au kitu chochote cha chuma katika mkoa huu.

Waheshimiwa, shikamooni kwa mnaostahili, na salaam kwa walio rika langu.

Mimi ni fundi wa rangi za vyuma, kazi niliyoifanya zaidi ya miaka ishirini. Nilianza kwa kuchekecha mchanga wa kurushwa kwa upepo wa kompresa, ili kung'oa kutu kwenye chuma kabla ya kupaka rangi. Tulikuwa vijana wanne. Fuso lilimwaga mchanga uliotoka bonde la Luiche, tukauanika juu ya turubai hadi ukauke kabisa, kwa sababu mchanga wenye unyevu huganda ndani ya mtungi na kuziba mpira. Ukishakauka tuliuchekecha kwa wavu wa dirishani, tukaujaza kwenye mifuko iliyokwisha kazi ya saruji. Jioni tulikuwa weupe kama waoka mikate, tukachekana, tukaenda kuoga ziwani. Tuliyemwonea wivu ni mwenzetu aliyeshika nozeli, yaani mdomo wa mpira unaorusha mchanga. Yeye alilipwa mara mbili yetu.

Mwenzetu huyo leo anaishi Gungu, hapa hapa mjini Kigoma. Zamani alibeba mfuko wa kilo 50 begani huku akipiga mluzi. Siku hizi, kutoka barabarani hadi mlangoni kwake, hupumzika mara tatu. Alitibiwa kifua kikuu mara mbili katika hospitali moja, na makohozi yake hayakuonyesha vimelea hata mara moja. Hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani. Siku alipokutana na daktari aliyemuuliza, picha ya kifua ikasomwa upya, ikaitwa jina lake: silikosisi. Mapafu yamejaa makovu. Dawa ya kuyafuta hakuna, hapa wala Ulaya.

Sikuandika barua hii kuomba kazi ya kupiga chuma kwa chembe isimamishwe. Nitakuwa mnafiki, na pia nitakuwa fundi mbaya. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hakuna kinachosafisha chuma kama chembe ngumu zinazorushwa kwa upepo wa kompresa. Ukikwangua kutu kwa brashi ya waya na grainda, unaing'arisha tu. Chini ya mng'aro huo kutu bado imelala kwenye vishimo. Ukipaka rangi juu yake, kiangazi kijacho inanyanyuka kama ganda la kitunguu. Chembe zikipiga, kutu inatoka mpaka shimoni, na chuma kinaota meno madogo sana, yapata maikroni 40 hadi 75 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ambayo rangi huyang'ang'ania. Duniani kuna vipimo vya usafi huo. Kwa tumbo la meli mafundi hudaiwa Sa 2½, maana yake chuma kimebaki cheupe isipokuwa vivuli vidogo vya madoa. Hakuna msasa wa mkono utakaokufikisha hapo.

Ufundi huu ni wa zamani pia. Mmarekani Benjamin Chew Tilghman aliusajili mwaka 1870, na kanuni haijabadilika sana: hewa, chembe, tundu jembamba. Kilichobadilika ni ile chembe. Wenzetu waliacha mchanga. Uingereza iliupiga marufuku viwandani kwa kazi hii kwa kanuni za mwaka 1949. Marekani, taasisi yao ya utafiti wa afya kazini ilipendekeza mwaka 1974 kwamba usitumike tena. Uturuki walikuwa wakiwapigisha vijana mchanga kwenye suruali za jinzi ili zionekane zimechakaa. Vijana wa viwanda vya nguo wakaanza kufa kwa mapafu, na mwaka 2009 kazi hiyo ikafungwa. Sisi tuko 2009 yetu, au nyuma yake.

Tatizo la mchanga si vumbi lile linalotufanya weupe. Lile unalipangusa. Milima inayouzunguka mji wetu imejaa mawe ya kwatzi, na mchanga unaoteremshwa na mito kutoka mawe ya namna hiyo ni kwatzi kwa sehemu kubwa, yaani silika. Neno hilo hilo tunalitumia kwa tabia ya kuzaliwa, na kweli mchanga una silika yake: ukigonga chuma kwa kasi, unapasuka. Punje moja inageuka mamia ya vipande, na vile vilivyo chini ya maikroni 10 huvioni kwa macho. Hewa inaonekana safi, fomeni anasema vumbi limetulia, kumbe ndiyo saa mbaya. Vipande hivyo vinaelea kwa muda mrefu, vinaingia hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Askari wa mwili wanavimeza, wanashindwa kuvisaga, wanakufa navyo, na pale walipofia panabaki kovu. Kovu linaitana na kovu. Mtu anaweza kuacha kazi na ugonjwa ukaendelea kutembea. Kwa kawaida huchukua miaka kumi na zaidi kujionyesha, lakini anayemeza vumbi jingi ndani ya tangi lililofungwa anaweza kuumwa ndani ya miaka michache, hata miezi. Mwaka 1997 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani uliiweka silika ya kazini katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Na mapafu yenye silika ni kitanda cha kifua kikuu, ugonjwa ambao nchi yetu bado inapambana nao.

Je, tunajikinga na nini? Waheshimiwa, njooni muone. Fulana iliyofungwa puani. Khanga iliyoloweshwa. Barakoa ya kitambaa iliyobaki tangu enzi za korona. Nimeona mtu amevaa helmeti ya bodaboda, kioo kimechorwachorwa na mchanga hadi haoni anachopiga. Kofia halisi ya kazi hii huletewa hewa kwa mpira wake peke yake, hewa iliyochujwa, kwa sababu kompresa ya dizeli ikinyonya moshi wake yenyewe inampelekea mtu sumu moja kwa moja mdomoni. Kishikio cha nozeli nacho kina kitasa cha usalama: mkono ukilegea, upepo unakatika. Hapa kwetu kitasa hicho hufungwa kwa waya ili mkono usichoke. Siku moja mpira ulimponyoka mtu aliye juu ya jukwaa ukaanza kujipiga kama nyoka aliyekanyagwa. Aliyeumia ni kijana aliyekuwa chini akijaza mtungi. Lakini hili la waya si la barua. Hilo mkaguzi mmoja mwenye koleo anaweza kulimaliza asubuhi moja.

La barua ni jingine, nalo linaanzia kwenye meza zenu, muda mrefu kabla kompresa haijawashwa.

Zabuni ikitangazwa kwenye NeST, mtandao wa serikali wa zabuni, ndani ya BOQ, yaani orodha ya kazi na bei zake, huwa nakuta mstari mmoja: kutayarisha chuma na kupaka rangi, mita za mraba kadhaa. Basi. Haisemwi kwa chembe gani. Haisemwi vumbi na magamba ya rangi yaende wapi. Haisemwi nani anapima afya za watu. Nami nikipiga hesabu ya kutumia ganeti, punje za madini magumu zinazorushwa badala ya mchanga, ambayo inashukia Dar es Salaam na kutembea zaidi ya kilomita 1,200 kutufikia, bei yangu inapanda. Mwenzangu anapiga hesabu ya Fuso la Luiche. Bei ya chini inashinda, na hilo ni haki, kwa kuwa mmelinganisha mstari mmoja na mstari mmoja. Nimeshindwa hivyo. Halafu, sitaficha, mwaka uliofuata na mimi niliweka bei ya mchanga, nikashinda. Vijana niliowaajiri walikuwa wadogo kwa wanangu. Niliwanunulia maziwa. Mafundi wote tunaamini maziwa yanasafisha kifua; hayasafishi chochote, yanashuka tumboni, vumbi liko mapafuni.

Nozeli ya tundu la milimita tisa na nusu, kwa shinikizo la kawaida la kazi, hula karibu nusu tani ya chembe kwa saa. Piga saa sita kwa siku. Tani tatu. Mchanga hautumiki mara mbili, umeshageuka unga. Wa kesho unaletwa na Fuso jingine, na wa leo uko chini ya miguu, umechanganyika na rangi ya zamani. Ganeti ni nzito na ngumu zaidi, haipasuki hovyo. Ukiwa na turubai na chekecheo unaikusanya na kuirudia mara kadhaa, na inasafisha mita nyingi zaidi kwa kilo. Punje za chuma, mkiwa na chumba kilichofungwa, zinarudiwa mara nyingi mno kuliko hiyo. Ukilinganisha kwa bei ya kilo mchanga unashinda. Ukilinganisha kwa mita ya mraba iliyosafishwa, pamoja na kuzoa na kutupa uchafu, hesabu inaanza kuzungumza lugha nyingine. Lakini BOQ haijawahi kuuliza hesabu hiyo.

Nisikilizeni kuhusu kutupa. Pale meli inapopandishwa chelezo ni hatua chache kutoka majini. Mchana upepo wa ziwa ukigeuka, wingu lote linaenda linakotaka. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, na mto unaoyatoa maji yake nje ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Wataalamu wanahesabu kwa karne muda wa maji yake kubadilika. Kinachoingia humo tumekihifadhi kwa ajili ya wajukuu wa wajukuu. Maji ya mabomba ya mjini yanavutwa humo humo, migebuka na dagaa tunaokula wametoka humo humo, na samaki wengi wanaoishi kwenye mawe ya ufukwe huu hawapo mahali pengine popote duniani.

Mchanga peke yake ungekuwa nusu ya shida. Nusu nyingine ni rangi unayoibandua. Meli za chuma za zama za kale zilikuwa zikipakwa praima, yaani rangi ya kwanza, nyekundu ya madini ya risasi, ndiyo iliyokuwa dawa ya kutu kwa mabaharia wa dunia nzima. Sasa fikirieni vyombo vyetu. Liemba imeundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, baada ya kuzipaka mashine zake mafuta mazito. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina inalolibeba leo. Miaka minane chini ya maji, mashine zikaokolewa na mafuta. Napenda kuwasimulia hayo wanagenzi wangu wanaodhani kuzuia kutu ni mambo ya pambo. Sisemi rangi ya meli fulani ina risasi. Nasema chombo chochote cha umri mkubwa, rangi yake ikwanguliwe kidogo, ipelekwe maabara, majibu yaje kabla ya mtu kuwasha kompresa. Risasi ikipigwa inakuwa vumbi, na vumbi hilo fundi analibeba kwenye ovaroli hadi kwa mtoto anayemrukia akifika nyumbani. Ubongo wa mtoto ndio unaolipa.

Serikali imetangaza kujenga kiwanda cha kuunda na kukarabati meli hapa Kigoma. Nimefurahi, wanangu watapata kazi ambayo mimi niliijifunza kwa kuungua vidole. Lakini chuma kipya cha meli kinapigwa chembe kabla hakijapakwa, na cha zamani kinapigwa kila kinapopanda chelezo. Kazi itaongezeka mara nyingi. Tukiingia huko na desturi ya Fuso la Luiche, tutakuwa na Gungu nzima ya watu wanaopumzika mara tatu.

Ninachoomba kimo ndani ya uwezo wa kalamu zenu. Katika kila zabuni ya kazi hii, andikeni kwamba chembe zisiwe na silika huru zaidi ya asilimia 1, na mkandarasi aonyeshe cheti cha chembe zake. Huo mstari mmoja unaondoa mchanga wote wa mtoni bila kuutaja. Halafu ule mstari wenu mmoja wa kutayarisha chuma uvunjeni: chembe kivyake, maturubai na uzio wa vumbi kivyake, kuzoa na kupeleka uchafu panapokubalika kivyake, kofia za hewa na vipimo vya afya kivyake, kila kimoja na bei yake. Hapo sote tutashindana juu ya kitu kile kile. Atakayeweka sifuri kwenye kofia za hewa mtamuona waziwazi, mtamuuliza watu wake watapumua nini.

Najua nitajibiwa kwamba ganeti ni ghali na iko mbali. Ni kweli iko mbali. Njia nyingine zipo. Maji ya shinikizo kubwa sana, zaidi ya baa 1,700, yanabandua rangi na kutu bila vumbi. Hayatengenezi meno mapya, ila kwa meli iliyowahi kupigwa zamani yanayafukua meno ya mwanzo, na hiyo inatosha. Maji yenyewe lazima yakingwe, yasirudi ziwani na rangi. Kuna pia mabaki magumu meusi yanayopatikana shaba ikiyeyushwa, ambayo nchi nyingi huyatumia kwa kazi hii. Kitwe, Zambia, wana mlima mzima wa mabaki hayo, na bandari ya Mpulungu iko mwisho wa ziwa hili hili. Siwaambii myalete kesho. Mabaki ya shaba huweza kubeba madini mengine yenye sumu, kama aseniki, na lazima yapimwe kwanza. Nashangaa tu kwamba tunachungulia Dar es Salaam na India wakati jirani yuko ng'ambo ya maji.

Kulowesha mchanga? Mtaambiwa hivyo na wakandarasi, nami niliwahi kusema hivyo. Maji yanapunguza vumbi, hayalimalizi, na mchanga ukikauka chini unapeperuka tena watu wanapoufagia. Isitoshe chuma kilicholowa kinashika kutu nyekundu kabla hujafungua kopo la praima. Asubuhi za kando ya ziwa zenyewe tayari ni adui: hatupaki rangi unyevu wa hewa ukizidi asilimia 85, wala chuma kikiwa hakijazidi kiwango cha umande kwa nyuzi 3.

Ombi la mwisho ni la daftari. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awapime afya wafanyakazi wake. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inatambua magonjwa yatokanayo na kazi. Karatasi hizo ni nzuri. Lakini kibarua wa nozeli anaokotwa kijiweni asubuhi, analipwa jioni mkononi, na ugonjwa unamfikia baada ya miaka kumi na tano, mkandarasi ameshabadilisha jina la kampuni mara tatu. Atathibitisha nini, na kwa nani? Mwenzangu wa Gungu hana hata karatasi moja yenye jina lake kutoka kwenye matangi aliyoyasafisha. Kwa hiyo mwenye mali, yaani ofisi inayotoa kazi, na isiwe mkandarasi, atunze daftari la kila aliyeshika nozeli, aliyejaza mtungi na aliyefagia: jina, namba ya NIDA, siku alizofanya, chembe iliyotumika. Kila mmoja apigwe picha ya kifua na apimwe nguvu ya pumzi kabla ya kuanza, kisha kila mwaka. Gharama iingie kwenye mkataba. Mfagiaji msimsahau. Yeye huvaa kidogo kuliko wote na hubaki kwenye vumbi muda mrefu kuliko wote.

Na madaktari wetu, ambao sikuwaandikia pale juu, wakumbushwe kuuliza swali moja kwa kila mwanamume anayekohoa bila vimelea: unafanya kazi gani, na zamani ulifanya ipi.

Wiki iliyopita nilipita mahali ambapo sitapataja. Mifuko ya mchanga imepangwa hadi kifuani, vijana watatu wanachekecha, kompresa imefunikwa turubai, ikisubiri Jumatatu. Nikawauliza kama wamepimwa. Mmoja alinitazama kwa heshima, akasema, "Kupimwa nini, mzee? Si mchanga tu huu?" Nimewaandikia leo Ijumaa.

Fundi wa rangi za vyuma,
Mwanga, Kigoma